Umepandikizwa figo? Mlango wa kizazi nao una kalenda yake

Kwa ufupi

- Dawa zinazolinda figo mpya hushusha kinga ya mwili, na hapo kirusi cha HPV hupata nafasi.
- Mwanamke aliyepandikizwa anatakiwa kupima mlango wa kizazi mara nyingi zaidi kuliko wanawake wengine.
- Kipimo kinaweza kufanyika karibu na nyumbani, lakini ni lazima umwambie mhudumu kuwa umepandikizwa.

Musoma. Mwanamke wa Musoma, Bunda au Butiama anayerudi nyumbani na figo mpya hurudi na mambo mengi ya kukumbuka. Kuna vidonge vya asubuhi na jioni kwa saa ileile. Kuna damu ya kupima, maji ya kunywa, presha ya kuangalia, na tarehe za kliniki Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza.

Kwenye orodha hiyo kuna jambo moja ambalo ni rahisi kusahaulika kwa sababu halihusu figo moja kwa moja, nalo ni mlango wa kizazi.

Linahusika hivi: dawa zilezile zinazoifanya figo mpya isikataliwe na mwili ndizo zinazompa nafasi kirusi cha HPV, kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Habari njema ni kwamba saratani hii ina hatua ya awali inayoonekana na kutibika, mradi mtu apime kwa wakati.

## Figo sasa zinapandikizwa nyumbani

Miaka ya nyuma, Mtanzania aliyehitaji figo alilazimika kwenda nje, mara nyingi India. Mambo yalibadilika Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo kwa kushirikiana na madaktari kutoka India. Machi 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma, ikishirikiana na wataalamu kutoka Japan.

Figo hutolewa na ndugu aliye hai. Mgonjwa akipona hurudi kwao, na maisha yanaendelea kijijini au mjini kama kawaida. Kliniki ya figo inabaki mbali, lakini mwili mzima unarudi Mara, na magonjwa mengine yatakayompata yatakutana kwanza na zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Ndiyo maana suala hili halimhusu daktari bingwa wa Muhimbili peke yake. Linamhusu pia nesi wa Bunda anayepima mlango wa kizazi, na zaidi ya wote linamhusu mgonjwa mwenyewe.

## Kwa nini kinga ishushwe?

Kinga ya mwili kazi yake ni kumtambua mgeni na kumshambulia. Haichagui kama mgeni ni bakteria wa kipindupindu au figo uliyopewa na dada yako. Ikiiona figo si ya kwako, itaishambulia.

Ili hilo lisitokee, mgonjwa hupewa dawa za kushusha kinga. Zinazotumika sana ni tacrolimus, mycophenolate na prednisolone. Wengine hutumia cyclosporine au azathioprine. Hizi siyo dozi ya wiki mbili. Unazitumia kila siku, kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi.

Kinga ikishuka, figo inatulia. Lakini askari walewale waliokuwa wakizuia virusi nao wanapungua nguvu. Wanaoathirika zaidi ni wale wanaodhibiti virusi vinavyojificha mwilini kwa miaka, na HPV ni kimojawapo.

## HPV inafanya nini?

HPV ni familia kubwa ya virusi. Vingine huleta vinyama sehemu za siri, ambavyo wengi huviita masundosundo. Vingine havionyeshi dalili yoyote, lakini hubadilisha seli za mlango wa kizazi polepole. Aina mbili, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua uhusiano huo.

Virusi hivi husambaa kwa kugusana ngozi wakati wa kujamiiana. Kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi, kwa sababu haifuniki ngozi yote.

Watu wengi walioanza kujamiiana hupata HPV wakati fulani maishani bila kujua. Kwa mwenye kinga imara, mwili huikabili, na mara nyingi ndani ya miaka miwili kipimo hakikioni tena kirusi. Kwa wachache hubaki, na kikibaki ndipo seli huanza kubadilika.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwanamke mwenye kinga ya kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kutoka maambukizi hadi saratani. Kwa mwenye kinga iliyodhoofika, safari hiyo inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10.

Tuchukulie mama wa miaka 36 aliyepandikizwa mwaka huu. Kama kirusi kipo na hakifuatiliwi, tatizo ambalo lingemkuta akiwa bibi linaweza kumkuta akiwa na miaka 45, watoto wakiwa bado sekondari. Amepona figo, halafu anaumwa ugonjwa ambao ungeweza kuzuiwa.

## Hatari ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 2007, watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi uliolinganisha makundi mawili: zaidi ya watu 440,000 wanaoishi na VVU au wenye UKIMWI, na karibu watu 32,000 waliopandikizwa viungo. Makundi haya yana maisha tofauti, lakini yanafanana kwa jambo moja: kinga iliyoshuka.

Matokeo yalionyesha kwamba saratani zinazosababishwa na maambukizi ziliongezeka katika makundi yote mawili. Kwa mlango wa kizazi, hatari ilikuwa karibu mara sita kwa wanawake wenye VVU, na takriban mara mbili kwa waliopandikizwa. Saratani nyingine zinazohusishwa na HPV, kama za uke, mashavu ya uke na njia ya haja kubwa, nazo ziliongezeka.

Mara mbili inaweza kusikika kama namba ndogo. Lakini tuanze na hali yetu. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) ya mwaka 2020 yanaonyesha Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya mlango wa kizazi, na vifo zaidi ya 6,500. Kiwango chetu ni zaidi ya mara nne ya wastani wa dunia. Ukizidisha mara mbili kitu ambacho tayari kiko juu, unapata hatari ya kuangaliwa kwa umakini.

Pia takwimu za waliopandikizwa zilitoka nchi tajiri, ambako wanawake wengi hupimwa mara kwa mara na mabadiliko huondolewa mapema. Asiyepimwa hana ulinzi huo.

## "Una HPV" haimaanishi kuna aliyechepuka

Hili lisemwe wazi, maana majibu ya kipimo yanaweza kuvunja nyumba.

HPV inaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi, hata kwa kiwango ambacho kipimo hakikioni. Kinga ikishushwa, kirusi cha zamani kinaweza kuamka. Kwa hiyo mwanamke anaweza kupima salama kabla ya kupandikizwa, kisha akakutwa nacho miaka miwili baadaye, bila yeye wala mume wake kutoka nje ya ndoa.

Kipimo hakionyeshi umekipata lini wala kwa nani. Kinachoonyesha ni kwamba unahitaji kufuatiliwa. Ukipewa majibu, mwombe mhudumu amweleze na mwenzi wako kama unaona itasaidia.

## Kalenda yako siyo ya jirani yako

Tanzania, walengwa wakuu wa uchunguzi wa mlango wa kizazi ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Anayekutwa salama huambiwa arudi baada ya miaka kadhaa, kulingana na kipimo alichofanyiwa. Kwa kipimo cha kirusi cha HPV, WHO inashauri kila baada ya miaka 5 hadi 10 kwa wanawake kwa jumla. Kwa wanaoishi na VVU, inashauri waanze wakiwa na miaka 25 na warudie kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Aliyepandikizwa yuko wapi hapo? Mwaka 2019, wataalamu wa Marekani walitoa mwongozo kwa wanawake wenye kinga iliyoshuka kwa sababu nyingine zisizo VVU. Kwa waliopandikizwa walishauri wafuate ratiba ya wanawake wenye VVU. Kwa lugha rahisi:

- Kabla ya upandikizaji: pima, ili kama kuna mabadiliko yatibiwe mapema.
- Baada ya upandikizaji: kwa kipimo cha Pap, pima kila mwaka. Ukipata majibu salama mara tatu mfululizo, unaweza kwenda kila baada ya miaka mitatu.
- Ukiwa na miaka 30 au zaidi: kipimo cha Pap kikifanyika pamoja na cha HPV na vyote vikawa salama, unaweza kurudi baada ya miaka mitatu.
- Hakuna kustaafu: usiache kupima kwa sababu umefikisha miaka 65, maana dawa za kushusha kinga bado unazitumia.

Daktari wako anaweza kukupangia ratiba tofauti kidogo. Lakini ukiambiwa "uko salama, rudi baada ya miaka kumi", mkumbushe kuwa umepandikizwa.

Kama wewe bado uko kwenye usafishaji damu ukisubiri figo, usingoje. Huu ndio wakati mzuri wa kupima, kwa sababu tatizo likionekana sasa linatibiwa kabla dawa za kushusha kinga hazijaanza.

## Unapimwaje, na wapi?

Kipimo kilichoenea zaidi kwenye vituo vyetu ni cha siki. Mhudumu hufungua uke kwa kifaa maalumu, hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha huangalia. Seli zilizobadilika huonekana kama doa jeupe. Kinachukua dakika chache na majibu unapewa hapohapo.

Kipimo cha HPV chenyewe huchukua sampuli ukeni na kutafuta vinasaba vya kirusi. Sampuli hiyo unaweza hata kujichukulia mwenyewe kwa kijiti laini. Kipimo cha Pap huchukua seli na kuzisoma maabara kwa hadubini.

Siki ni bora kuliko kutopima kabisa, lakini ina mipaka yake. Baada ya kukoma hedhi, eneo linalotakiwa kuangaliwa huingia ndani na linaweza lisionekane vizuri. Kwa hiyo aliyepandikizwa aulize kama kipimo cha HPV au Pap kinapatikana hapo, au kwenye hospitali ya rufaa.

Kwa mkazi wa Musoma mjini, pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa. Kwa Bunda na Butiama, ulizia hospitali ya wilaya au kituo cha afya, kitengo cha afya ya uzazi. Katika vituo vya umma uchunguzi huu kwa kawaida hautozwi. Kikitakiwa kipimo kikubwa au matibabu ya saratani, rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma.

Sasa kuna ishu moja ya aibu. Kwenye vituo vingine chumba cha uchunguzi huu kiko jirani na CTC, na utaambiwa unafuata ratiba ya wenye VVU. Wengine hugeuza hapo wakihofia watu watasema nini. Ratiba ni ileile kwa sababu kinga imeshuka, siyo kwa sababu ugonjwa ni uleule. Maneno ya watu yataisha. Kipimo ulichokikimbia hakitajifanya chenyewe.

## Ukifika kituoni, sema hivi

Mhudumu hawezi kuona kwa macho kwamba umepandikizwa, hasa kama umekaa foleni na kina mama wengine 30. Sema mwenyewe, mapema:

"Nimepandikizwa figo. Natumia dawa za kushusha kinga kila siku. Naomba kupima mlango wa kizazi, na tarehe ya kurudi ipangwe kwa kuzingatia hilo."

Beba daftari la kliniki ya figo na vidonge vyako, au piga picha ya maboksi kwa simu. Picha hiyo itakusaidia pia ukiandikiwa dawa nyingine, kwa sababu baadhi hugongana na zako:

- Fluconazole, dawa ya fangasi inayoandikwa sana kwa kina mama wenye muwasho au uchafu ukeni, inaweza kupandisha kiwango cha tacrolimus kwenye damu hadi kikadhuru figo.
- Erythromycin na clarithromycin hufanya vivyo hivyo.
- Diclofenac na ibuprofen, dawa za maumivu zinazouzwa kila duka la dawa, zinaweza kuumiza figo.
- Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, hushusha tacrolimus na kuiacha figo bila ulinzi.
- Dawa za mitishamba usitumie bila kuuliza. Nyingine hugongana na dawa zako, nyingine huumiza figo.

Hii haina maana usitibiwe. Kliniki ya figo ipigiwe simu kwanza ili dozi irekebishwe au ichaguliwe dawa nyingine.

## Ukikutwa na mabadiliko

Doa jeupe siyo saratani. Mara nyingi ni hatua ya awali, na linaweza kuondolewa kwa tiba mgando, yaani kugandisha sehemu hiyo kwa baridi kali, au kwa kuiunguza kwa joto. Likiwa kubwa, daktari hukata sehemu hiyo kwa waya wa umeme na kuipeleka maabara.

Mambo matatu ya kushika hapa.

Kwanza, usiache dawa za figo. Kuna anayewaza: kama dawa ndizo zinazoleta shida, si niziache kwa mwezi mmoja? Ukifanya hivyo unaweza kuipoteza figo, na mabadiliko yaliyopo hayataondoka kwa sababu hiyo. Kama kuna haja ya kupunguza dozi, hiyo ni kazi ya daktari wa figo.

Pili, rudi kupima. Kwa mwenye kinga iliyoshuka, mabadiliko yana tabia ya kurudi hata baada ya tiba. Kipimo cha miezi 12 baada ya tiba usikikose.

Tatu, wataalamu wawili wajuane. Mwombe daktari wa wanawake aandike majibu kwenye daftari lako la figo. Kliniki iliyoko Dodoma au Dar haiwezi kujua kilichofanyika Bunda kama hakikuandikwa.

## Chanjo: kabla ni bora kuliko baada

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Aprili 2024 ilihamia kwenye dozi moja na kuwafikia wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Dozi moja inawatosha wasichana wenye kinga ya kawaida. Kwa mwenye kinga iliyoshuka, WHO inashauri angalau dozi mbili, na tatu pale inapowezekana. Kwa hiyo kama una binti mwenye ugonjwa wa figo, anatumia prednisolone kwa muda mrefu au amepandikizwa, usidhani sindano aliyochomwa shuleni Butiama imemaliza kazi. Muulize daktari wake kuhusu dozi za kuongeza.

Chanjo hii haina kirusi hai, hivyo haiwezi kuleta HPV hata kwa aliyepandikizwa. Ila mwili wenye kinga iliyoshushwa huitikia chanjo kwa udhaifu. Ndiyo maana inashauriwa itolewe kabla ya upandikizaji inapowezekana.

Mwanamke mtu mzima hayumo kwenye mpango wa shuleni, lakini anaweza kuzungumza na daktari wake kama chanjo itamfaa. Na hata ukichanjwa, endelea kupima. Chanjo haitibu kirusi ulichonacho tayari.

## Dalili ambazo hazisubiri kalenda

Hatua ya awali haina dalili. Ndiyo sababu ya kupima ukiwa mzima. Lakini ukiona mojawapo ya haya, nenda kituoni wiki hiyohiyo:

- Damu baada ya kujamiiana, katikati ya mwezi, au baada ya kukoma hedhi.
- Uchafu ukeni wenye harufu mbaya usioisha.
- Maumivu ya nyonga au wakati wa tendo la ndoa.
- Vinyama, vidonda au muwasho usioisha kwenye sehemu za siri au njia ya haja kubwa.

Ukiambiwa ni UTI, ukanywa dawa na dalili zikabaki, usikubali kuandikiwa dozi ya tatu ya UTI hiyohiyo kabla mtu hajaangalia mlango wa kizazi. Kuangalia kunachukua dakika chache.

Na kama wewe siyo mgonjwa bali ndiye uliyempa figo mama, dada au mke wako, unaweza kumsaidia tena bila kulala hospitali. Leo muulize swali moja tu: mara ya mwisho kupima mlango wa kizazi ilikuwa lini? Kama hakumbuki, tafuteni siku wiki hii mwende wote.